Ua Niliomtengenezea Raya

Jumapili, 16 Februari 1958

Nimefyeka uani, nyuma ya jiko, tangu alfajiri. Majani yamefika kiunoni. Ndani yake nimeokota sufuria mbili, kiatu na mwiko uliovunjika. Aibu tupu. Miaka minne Raya alinambia: masika maji yanaingia jikoni, chimba mfereji. Miaka minne nikajibu nitachimba. Desemba tuligombana kwa hilo hilo, akaniita mvivu mbele ya mama yangu, nami kwa hasira nikaandika talaka. Moja. Alhamdulillahi, moja tu. Yuko kwao Vitongoji anakaa eda.

Eda miezi mitatu. Talaka niliitoa tarehe 22 Desemba, kwa hiyo nina mpaka 22 Machi kumrejea. Ni neno tu mbele ya mashahidi, bila mahari, bila harusi. Tarehe nimeizungushia duara kwenye kalenda. Lakini siendi mikono mitupu. Ua kwanza.

Alhamisi, 20 Februari

Skuli mpaka saa nane, kisha jembe. Mfereji umefika kwenye migomba. Viganja vimejaa malengelenge, hata chaki naishika kwa taabu. Bi Time, jirani yangu hapa Madungu, amechungulia akacheka. "Mwalimu, mke harejewi kwa jembe. Nenda kamchukue. Ngoja ngoja yaumiza matumbo." Nikamwambia ashughulike na kuku wake.

Mchele wa eda nampelekea Raya kila wiki kwa mkono wa mtu. Salamu sipeleki. Kiburi, najua.

Jumatano, 26 Februari

Siku njema. Makuti mapya upande wote wa choo. Samadi nimepata vikapu sita kwa mwenye ng'ombe. Nimepiga matuta manne: mchicha, bamia, viazi, na moja nimeliacha wazi achague mwenyewe. Nilikuwa naimba. Sina sauti, kuku wa Bi Time mashahidi.

Jumapili, 9 Machi

Jiko nimeliezeka upya. Nimeanguka kwenye ngazi, nyonga inauma. Mchicha umeota, naumwagilia asubuhi na jioni. Mawingu yapo, mvua bado. Ramadhani imekaribia, nataka afuturu hapa. Zimebaki siku kumi na tatu. Nikienda mapema atasema nimeshindwa kuvumilia. Na kweli nimeshindwa.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi ya ua imekwisha jana. Leo nimekwenda Vitongoji kwa baiskeli, kanzu ya Idi, mashahidi wawili nyuma yangu. Baba yake, Mzee Hamadi, ametukaribisha kahawa. Nikasema nililokwenda kusema: nimemrejea mke wangu. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mke yupi? Eda imekwisha mwezi uliopita. Posa ya mtu wa Gando tushaipokea."

Nikabishana naye, Mungu anisamehe. Nikamtajia tarehe zangu. Akanieleza taratibu, kama anayemsomesha mtoto: mwanamke anayeona siku zake eda yake ni tohara tatu, yaani usafi baina ya hedhi na hedhi, na zikitimia zimetimia, hata miezi mitatu haijafika. Miezi mitatu ni ya asiyeona damu. Hilo nimelisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Mtaani watu husema miezi mitatu, nami nikafuata ya mtaani. Mimi ninayefundisha hesabu.

Nikaomba basi nimwoe upya, kwa mahari yoyote atakayotaka. Raya akajibu mwenyewe, nyuma ya pazia. "Eda nzima, kila kengele ya baiskeli mie nachungulia. Mchele waja, weye huji. Ilipokwisha tohara ya tatu nikaacha kuchungulia. Mtu wa watu nshamkubali. Kauli yangu siirudi."

Hakulia. Mimi nililia, mbele ya mashahidi wangu.

Jumapili, 16 Machi

Jana wakati natoka, mama yake alinambia siku yenyewe eda ilipokwisha. Jumatano ile, tarehe 26 Februari. Nilikuwa nafunga makuti na kuimba.

Sijala tangu jana. Nampenda. Sijapata kumwambia hata mara moja, nilidhani mfereji utasema.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa. Nimesimama mlangoni pa jiko nikiangalia. Tone halikuingia. Maji yote yamekwenda zake mpaka migombani, kama alivyotaka. Nauchukia mfereji huu.

Bi Time ameleta uji. Safari hii hakucheka.

Jumapili, 30 Machi

Ramadhani. Shangazi yake Raya, Bi Mize, amekuja kuchukua sanduku na vyombo. Nilikuwa nimevifuta vumbi na kuvifunga kwa kamba. Vikombe nimevivingirisha kwa kanga aliyoiacha, kisha kanga nikataka kuibakisha, kisha nikaona si yangu.

Bi Mize akapitia uani kunawa miguu. Akasimama. Akaangalia matuta, makuti, jiko.

"Mashaallah, pazuri. Nani kakutengezea?"

"Mwenyewe."

Akaniomba mchicha wa futari. Umejaa, peke yangu sitaumaliza. Nimemchumia mafungu mawili. Moja lake. La pili nimemwambia alifikishe kwa Mzee Hamadi, jikoni, na asiseme limetoka wapi.