Udongo wa Nyuma ya Jiko

Alhamisi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haiji. Joto la Tononoka leo linamtia mtu uvivu hata wa kupumua, nami juu ya hayo nina aibu.

Nianze na hiyo aibu, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Shangazi yangu Mwanakombo hakuwahi kununua unga maishani mwake. Ana shamba dogo upande wa Kwale, ng'ambo ya feri, na ndilo lililonilisha baada ya mama kufariki. Mwaka huu ananunua unga wa paketi, kama sisi watu wa mjini. Aliyemfikisha hapo ni mimi, mpima udongo, mwenye koti jeupe na cheti ukutani.

Msimu uliopita aliniletea udongo maabara. Nikaupima, nikaukuta una rutuba tele. Nikamwambia asijichoshe kubeba samadi ya mbuzi, atie mbolea ya dukani kidogo tu, yatosha. Samadi aliyoitia miaka nenda miaka rudi, akaiacha kwa sababu nimesema mimi. Mahindi yakatoka ya manjano, yakafika magotini, yakakoma hapo.

Miezi yote hii nimekuwa nikijitetea moyoni. Mara alichelewa kupanda, mara hakupalilia vizuri. Nikirudi kuitazama ile karatasi, vipimo viko sawa. Wallahi viko sawa.

Leo alikuja mjini kwa daktari wa macho, akanipitia kazini. Nikampeleka Makadara tukale mahamri na mbaazi. Akaniambia wanawe wanamshauri msimu huu asilime, aliache shamba, akae nao. Huenda wanasema kweli, alisema, huenda udongo umezeeka pamoja naye. Aliyasema hayo akiyakatakata mahamri bila kuyala. Nikajua nikinyamaza, shamba limekwenda.

Ndipo nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu siku ya kwanza: ule udongo aliuchota wapi?

"Nyuma ya jiko," akasema. "Kwani ningekuletea udongo mbaya, uaibike mbele ya wenzio?"

Nikalirudisha hamri langu sahanini.

Nyuma ya jiko ndipo anapomwaga jivu na kufunga mbuzi. Shangazi alichota udongo mzuri kuliko wote, akaufunga kwenye leso niliyomnunulia Biashara Street kwa mshahara wangu wa kwanza, ile asiyoivaa akiogopa itachakaa. Aliuleta kama mtu anavyopeleka sahani kwa jirani, kilicho bora ndicho kinachotoka nje ya nyumba. Nami sikumweleza wala kumwuliza lolote, kwa kuwa nilidhani shamba lile nalijua. Nilipima jaa la majivu, nikaliandikia shamba zima dawa.

Nikamwambia kosa ni langu. Nilisema mara mbili, maana mara ya kwanza alijifanya hakusikia.

Kisha nikaitoa mfukoni ile karatasi ya vipimo, nikaigeuza, yeye akawa anasema, mimi nachora. Kule chini maji yanakotuama. Kule magugu ya ndago yanakoshika. Na pale panapoota yale magugu ya maua ya zambarau yanayoyanyonya mahindi, pamechoka tangu zamani, na samadi nyingi alikuwa akiipeleka pale pale. Maabara ingeweza kuniambia pale pamepungukiwa na nini. Lakini pale ni wapi, aliyejua ni yeye, na alikuwa ameketi mbele yangu siku zote.

Basi akala mahamri yake, na moja langu akalimaliza. Samadi ataanza kuibeba kesho, kabla mvua haijamkuta. Tulipoagana alitoa leso ile mkobani, imefuliwa, imekunjwa.

"Jumapili uje nayo," akasema. "Safari hii tutachota pabaya."

Iko hapa mezani. Nimelia kidogo, sitaki kuficha.

Lakini kuna jambo jingine halinipi usingizi. Kabati la kazini limejaa karatasi za wakulima wengine. Kila mmoja nilimpa maelekezo yaliyochapwa, nikadhani nimemaliza kazi. Wangapi nao waliniletea udongo wa nyuma ya jiko, kwa heshima tu, nami nikawaandikia?

Kesho nitaanza kuwapigia simu, mmoja mmoja, niwaulize waliuchota wapi.