Walii Asiwe Mhuni

Jumapili, 3 Novemba 2024
Mahari ya Fauzia wangu imeletwa! Wakwe wametoka Msambweni, watu wa kanzu za pasi. Nimewapokea kama nilivyokuwa nikiwapokea wageni hotelini Diani enzi zangu: ngoma ya sinia, vigelegele, salamu za Kijerumani na Kitaliano. Wanawake walicheka hadi mahamri yakadondoka. Mzee Boga, babake bwana harusi, hakucheka. Kahawa aliinywa kama dawa. Shauri yake! Shughuli bila mimi ni pilau bila bizari.

Jumanne, 5 Novemba
Mdogo wangu Abdulrahim kaja na uso wa matanga. Kaka, usikasirike. Sikasiriki, sema! Mzee Boga ameleta neno: nikaha Ijumaa, ila walii asiwe mhuni. Abdulrahim ndiye awe walii, amwozeshe Fauzia.
Yaani mimi, baba mzazi, ninapumua — nikae kando!
Mhuni.
Sijala. Mimi, nisile!

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwendea jirani, mwalimu Kahaso. Shule mimi niliiacha la sita, au yenyewe iliniacha. Nikamwuliza, neno hili asili yake nini? Akasema zamani mhuni hakuwa mpiga kelele hasa. Alikuwa mtu wa kutangatanga, hana kwao, hana mke, hana wa kumwuliza umelala wapi. Watu wakamhofia. Mwisho kila mwenye fujo akabandikwa jina hilo.
Mwalimu, nimeoa mara tatu! Hapa Mwabungo hata mbuzi wananijua!
Akacheka, kisha akaniangalia kwa huruma. Huruma sikuitaka.
Kelele ninazo, sibishi. Lakini yule mzee kaninyang'anya hata kwetu.

Alhamisi, 7 Novemba
Fauzia kanijia uani, hina mkononi haijakauka. Baba, kwa ajili yangu, mwachie ami. Siku moja tu.
Nami nivae buibui nikae na kina mama? Hakucheka. Mtoto huyu nilimchekesha hata alipokuwa na surua!
Sikumjibu. Akaondoka akidhani nimekubali.

Ijumaa, 8 Novemba
Naandikia nyuma ya msikiti, penye birika la udhu. Kanzu yangu ndiyo nyeupe kuliko zote, abishe nani. Ndani, Abdulrahim amekaa mahali pangu. Kipaza sauti kinanifikishia yote. Sheikh: wewe ndiye baba? La, ni ami yake. Baba amefariki? Abdulrahim kakohoa. Amesafiri? Kakohoa tena! Mtu akasema, yuko hapo nje.
Sheikh kagoma. Baba yu hai, yu karibu — basi aje aseme kwa kinywa chake kwamba amempa nduguye uwakili wa kuozesha. Bila hivyo sifungi.
Na kanzu zao zote, hilo hawakulijua!
Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja. Nikisema nimempa uwakili, mwanangu ataolewa, nami nimekiri uhuni mbele ya waumini. Nikikataa, Boga atanyanyuka na watu wake, na hina ya Fauzia itafutikia nyumbani kwangu, hajaolewa.
Boga huyo anakuja. Miguu mitupu juu ya kokoto. Assalamu alaikum, mkwe. Nimeitikia taratibu. Njoo useme, watu wanangoja. Nimemwambia asubiri, naandika. Amesimama, anahamisha mguu, kokoto za moto. Karudia. Sijainua kichwa.
Sasa anapiga kelele, Mzee Boga, ubavuni mwa msikiti! Watu wanatoka kuangalia ni mhuni gani. Abdulrahim naye yuko mlangoni.
Mimi bado sijasema.