Chumba Nyuma ya Maji

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Leo naanza, na naapa: humu sitaficha kitu, hata kinachoniaibisha. Madamu Illuminée, mwalimu wetu wa Kiswahili, anasema lugha usiyoiandikia mambo yako mwenyewe hubaki lugha ya mtihani. Basi haya ni yangu.

La kwanza: Piko anarudi! Jumamosi ijayo. Piko ni fuko mdogo mwenye taa kichwani, anarukaruka juu ya mawe yanayoelea akiutafuta mwezi ulioangukia chini ya ardhi. Ni mchezo wa enzi za kaseti, Baba akiwa mwanafunzi. Sasa wameutoa upya — picha zimesafishwa, muziki umepigwa upya.

Mimi nilimjua Piko hapa kwetu Kicukiro, kwenye ukumbi wa michezo wa Anko Mugenzi. Ana mashine moja ya zamani. Kaseti yake lazima uipulize kwanza ndipo ikubali. Piko mwenyewe ni vidoti tu. Lakini akifika ukingoni mwa jiwe anasita, kama mtu. Nani alikaa chini akachora kusita kwa vidoti? Ningependa kumshika mkono.

Baba yumo kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa Piko. Anasoma kila kitu, haandiki neno. Nikimaliza kazi za shule ananipa simu nami nisome.

Jumanne, 14 Oktoba

Kundi linawaka moto. Katika mchezo mpya, ukianguka unaweza kuurudisha mchezo nyuma kidogo, ikawa kana kwamba hukuanguka. Ntare, yule wa benki, anasema kuanguka kusikouma si kuanguka. Trinah wa chuo kikuu akamjibu kuwa yeye ana mitihani, hana ujana wa kuumalizia kwenye shimo moja. Ntare akarudi: na hizo picha safi zinaua mawazo, vidoti vilituachia kazi ya kuona sisi wenyewe.

Hilo nililipenda sana. La Trinah pia. Inawezekana kukubaliana na wote wawili? Watu wazima hawa, wenye watoto na mikopo — na wanakumbuka kila jiwe!

Kisha Tonton Léonidas akatuma ujumbe wa sauti. Ana duka la vipuri vya simu Muhima, alikulia Bujumbura. Sijawahi kuongea naye, namwita Tonton, yaani mjomba, kwa heshima tu. Alisema kwenye hatua ya maji, nyuma ya maporomoko, kuna chumba. Aliwahi kuingia. Kimejaa vimulimuli.

Wakamcheka. Mmoja akasema hizo ni ndoto za Bujumbura. Anko Mugenzi akaandika: "Tonton, hiyo chumba haiko. Wacha watu wafanye kazi."

Nilimsomea Baba. Alichukua simu, akaizima, akaenda zake. Baba hazimi simu kwa sababu ya mchezo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama ndiye aliyenidokeza. Yeye alikulia Uganda, hamjui Piko hata kidogo, anamwita panya. Alisema nikitaka kuelewa nimuulize Baba habari za mashine ya Spès.

Nilimkuta anapiga viatu rangi. Nikauliza.

Walikuwa marafiki! Baba na Léonidas! Baba alikuwa ametoka Tanzania, mwenzake Bujumbura, wakawekwa dawati moja. Kinyarwanda chao kilichekwa shuleni, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Mashine ilikuwa ya Spès, dada yake Léonidas. Likizo moja Baba aliazimwa. Léonidas akampa siri: ukifika kwenye jiwe la mwisho, chini ya maji, urare, mlango utafunguka.

Kurara, kwa Kinyarwanda, ni kukaa mahali usiku kucha. Basi Baba akamsimamisha Piko chini ya maji, akaacha mashine inawaka, akaenda kitandani. Asubuhi hapakuwa na mlango. Kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Spès alilia. Léonidas akasema Baba ameiua mashine kwa uzembe. Baba akasema Léonidas amemfanya mjinga makusudi. Habari zikafika shuleni.

"Kila nikipita," Baba alisema, "walinitakia usiku mwema. Saa nne asubuhi."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Siku hizi wakikutana harusini wanapeana mkono, kila mmoja anaangalia pembeni. Nilitaka kumuuliza kama anamkumbuka rafiki yake. Sikuuliza. Alikuwa amerudia kuking'arisha kiatu kilekile.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Na mchezo mpya una Kiswahili! Anko Mugenzi alikichagua ili atuonyeshe, na neno la kwanza kwenye maelezo ya vitufe likatokea kwa herufi kubwa: RUKA. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, maana kuruka kwa Kinyarwanda ni kutapika. Trinah alisema maskini fuko, kumbe kila shimo anatapika. Ntare alicheka mpaka akavua miwani, na yeye ndiye aliyekuja kulaumu.

Likafuata PANDA. Kisha LALA, na picha yake: Piko kifudifudi, mikono mbele, tumbo juu ya jiwe. Ntare akaacha kucheka. Alidai siku zote Piko alikuwa anachutama, nani amemlaza? Ni kweli, kwenye vidoti vya zamani huwezi kujua. Wote waliita kuchutama. Hata Baba anaita hivyo.

Trinah akaanza kucheza. Jiwe kubwa likaja usawa wa kichwa. Anko Mugenzi, nyuma yake, akaelekeza:

"Rara! Trinah, rara!"

Trinah akabonyeza chini, Piko akalala, jiwe likapita.

Madamu Illuminée hunirekebisha kila siku. Lala, Kaliza, si rara — ulimi nyuma ya meno. Nimechoka kusikia. Leo nilisimama katikati ya ukumbi, nikikumbuka ile "urare" aliyoambiwa Baba.

Niliomba padi ya kuchezea. Walinipa kwa upole tu. Nilianguka vibaya. Nilirudisha nyuma, nikaanguka tena, nikarudisha tena, na kila mara Ntare aliguna. Nisamehe, Ntare. Nilifika kwenye jiwe la mwisho, maji yakimpiga Piko kichwani. Nikamlaza.

Hakuna kitu.

Trinah akaniambia basi, mdogo wangu, imetosha. Sikuondoa kidole. Na maji yakafunguka katikati, polepole, kama pazia.

Ndani hakuna adui. Hakuna pointi. Ni vimulimuli tu, na taa ya Piko inajizima yenyewe kwa kuwa haihitajiki tena! Mtu aliwaza hilo, akalificha mahali ambapo huenda asingefika yeyote. Ntare alipiga magoti karibu na kioo. Kisha Anko Mugenzi, taratibu:

"Kumbe iko."

Trinah alitaka kurusha video kwenye kundi. Niliwasihi wangoje mpaka kesho jioni. Wakakubali bila kuuliza sababu. Nawapenda watu hawa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilimwambia Baba baada ya misa. Maji, jiwe, lala, rara, vyote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alimaanisha kulala."

"Nadhani, Baba."

"Kudhani si kujua."

Nikamuuliza kama aliwahi kumuuliza Léonidas. Hapana. Na Léonidas, aliwahi kumuuliza? Hapana. Baba akasema walikuwa watoto, walijua kila kitu.

Kisha akanipa simu.

"Muulize wewe. Usiseme ni mimi."

Ujumbe utatoka kwenye namba yake, na picha yake akiwa amevaa tai. Sikumkumbusha.

Sasa yuko nje anamwagilia maua. Mvua ilinyesha alfajiri; maua yanaogelea. Nimetuma. Tiki mbili, zimekuwa za bluu. Juu, chini ya jina: anaandika. Limepotea. Anaandika tena. Limepotea. Baba ameuliza kutoka bustanini kama kuna mtu amepiga.

Wakati tunangoja, nanakili hapa nilichoandika, neno kwa neno:

"Tonton Léonidas, shikamoo. Mimi ni Kaliza, binti wa Mutsinzi. Jana nilikiona chumba. Ulisema kweli. Tafadhali nijibu leo hii, nina sababu: siku ile uliposema urare, nani alitakiwa kulala — Baba, au Piko?"