Swali Nililoacha Kuuliza Darasani

Buruburu

Mpendwa Wanjiru,

Hujambo, mama? Sisi tu wazima. Babu yako amepaka lango rangi ya kijani na majirani wanamcheka. Goti langu usiniulize.

Umetaka kujua kama kuna haja ya kukaa siku tatu kwenye warsha ya wahadhiri, na wewe tayari ni daktari wa falsafa. Hata mimi nilinuna nilipoitwa, nikiwa mhadhiri kijana. Mkufunzi alitaka kila mmoja afundishe wenzake dakika kumi. Nikafundisha kwa madaha, na kila mara nikauliza, "Tuko pamoja?" Wakaitikia, "Tuko!"

Nilipomaliza, mkufunzi akamwomba Otieno, rafiki yangu wa idara ya historia, aeleze nilichofundisha. Otieno akainamisha kichwa.

"Samahani, dada. Nilipotea tangu mwanzo."

"Mbona uliitikia?"

"Si uliuliza kama tuko pamoja? Nani angetaka kubaki peke yake?"

Watu walicheka. Mimi niliwakumbuka wanafunzi wangu walioitikia hivyo hivyo, wakaanguka mtihani, nami nikawaita wavivu. Mpaka leo namshukuru Otieno. Tangu siku hiyo nikawa namwomba mwanafunzi anieleze somo kwa maneno yake, kisha nanyamaza nimsikilize.

Basi nenda, mama. Ukirudi nipigie simu, unifundishe kwa dakika kumi ulichojifunza. Nikipotea, nitasema.

Akupendaye,
Nyanya yako