Marahaba Nyuma ya Shuka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu yako imepata nafuu baada ya zamu zile za wodini. Sisi huku hatujambo. Mama anashona sare za shule kutwa nzima, na cherehani bado inakohoa kama kawaida yake. Usishangae kupata barua badala ya ujumbe. Simu uliyoniachia haiko mikononi mwangu, na sababu utaisoma humu. Mama ameniamuru niandike yote kwa mkono wangu kabla hujayasikia kwa watu. Kuna moja linakuhusu wewe. Nakuomba usome hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Tangu mwanzoni mwa mwaka nilikuwa na rafiki mtandaoni. Alijiita Penseli. Alisema ni msichana wa miaka kumi na minne kama mimi, na kwamba anapenda kuchora nguo. Dada, hakuna aliyewahi kuzisifu picha zangu kama yeye. Wewe mwenyewe ulisema wasichana ninaowachora wana shingo za twiga! Yeye alisema nina kipaji, akaomba urafiki wetu tusimwambie mtu, hata Mama, kwa kuwa watu wana kijicho. Tulipanga kuonana kwa mara ya kwanza Jumamosi iliyopita, stendi, anipeleke kwa shangazi yake mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nahesabu siku.

Sasa Jumatano ya wiki hiyo hiyo, mwalimu wa kompyuta akaingia darasani na shuka la kitandani. Tunamwita Mama Waya, maana hakosi waya shingoni. Umeme ulikuwa umekatika, akasema basi leo tutachati kwa karatasi. Akalitundika shuka katikati ya darasa, akajificha nyuma yake na wanafunzi wawili. Wote watatu wangejidai wasichana wa miaka kumi na minne. Sisi tuwaandikie, wajibu kwa vikaratasi, tumtambue mtu mzima ni yupi. Weee! Tuliwauliza nyimbo, wote wakazijua. Tukawauliza misemo ya vijana, wakatushinda. Kumbe mwalimu ana mabinti wawili nyumbani. Tulishakata tamaa pale Redio, yule mwenzetu asiyezimika, alipoandika neno moja tu: Shikamoo.

Vikarudi vikaratasi vitatu. Cha kwanza kiliuliza kama Redio ana wazimu. Cha pili kikauliza tangu lini amekuwa bibi yake. Cha tatu kiliandikwa: Marahaba.

Darasa zima hoi! Mama Waya akatoka ameshika kichwa, anacheka mpaka machozi, anasema mkono umejibu kabla ya akili. Kisha akatulia. Akasema tusitegemee mtego huo, maana mjanja mwingine hanaswi. Lakini mtu yeyote anayekuomba umfiche mama yako, huyo ameshajitaja. Mimi nilikuwa nacheka na wenzangu. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nilipofika nyumbani nikaketi nyuma ya tangi la maji, nikamwandikia Penseli: Shikamoo, na vikatuni vya kucheka. Jibu lilikuja hapo hapo: Marahaba, mrembo. Halafu, huku naliangalia, likafutwa. Likaja jingine kwamba ni utani tu.

Niliogopa, Dada. Nilirudi shule mbio, nikamkuta Mama Waya anafunga darasa, nikamkabidhi simu. Alisoma yote akiwa amesimama. Hakuniuliza akili zangu zilikuwa wapi. Alinishukuru kwa kumpa, akasema nisijibu wala nisifute kitu, akanisindikiza nyumbani. Mama alizima pasi kwanza, kisha akakaa sakafuni. Nilingoja kofi. Akauliza tu kama mtu huyo amewahi kunigusa. Niliposema hatujawahi kuonana, alinikumbatia mpaka pini za kifuani kwake zikanichoma, na sikutaka aniachie.

Kesho yake Mama na Mama Waya waliipeleka simu polisi, na bado iko huko. Jumamosi, stendi walikwenda polisi. Alikuwepo, wakamkamata. Mwanamume wa rika la baba, na gari lake, na kwenye kiti cha mbele kitabu kipya cha kuchorea.

Sasa lile linalokuhusu. Mama alikuwa ameniruhusu kutoka siku ile kwa sababu nilimwambia nakuja kwako, umeniita, nitalala hadi Jumapili. Asingepiga simu hata mara moja. Angejua niko kwa dada yangu. Kwa siku mbili nzima hakuna ambaye angeanza kunitafuta, na ningekuwa nimelitumia jina lako. Nilipoliwaza hilo ndipo nilipolia. Nisamehe, Dada.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Waya, namshukuru Mama. Redio nimemwambia asante bila kumweleza ya nini, na sasa haambiliki. Mama anakusalimu sana. Likizo ikifika atanileta kwako mwenyewe, kanishika mkono njia nzima kama mtoto wa chekechea, na sitapinga. Wasalimie wauguzi wenzako. Nijibu hata kwa kunigombeza, mradi unijibu.

Ni mimi mdogo wako, niliye nyumbani.