Jina la Zaina kwenye Sabuni

Shangazi Mwajuma,

Nakuamkia kutoka Moroni. Mvua ya huku haina adabu, lakini ninakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Katika mafunzo yangu ya kazi nimepewa kumfundisha biashara Mama Echati, anayeuza sabuni ya maua ya langilangi katika soko la Volo Volo. Anayeipika ni mwenzake Zaina, wa Mutsamudu, na karatasi ya sabuni ina majina yao yote mawili na ya miji yao. Tangu kisiwa cha kina Zaina, Ndzuani, kitangaze kujitenga na serikali ya huku Moroni, wateja wakiliona jina lake huirudisha sabuni mezani. Simu haziendi. Mimi mgeni nikaruhusiwa kuvuka bahari, nikatumwa nimuulize kama jina lake litolewe.

Zaina alikulia Unguja, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili. Alinikatia mkate wa sinia, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie alitoe," akasema. "Ana watoto wa kulisha. Ila asidhani nimekasirika."

Nilipomfikishia maneno hayo, Mama Echati alijifunika uso kwa leso akalia. Kesho yake akazipanga sabuni mezani na karatasi zile zile. Mteja mmoja akauliza, "Huyu Zaina ni nani?"

"Ndugu yangu," akajibu.

Yule mteja aliinusa sabuni, akairudisha, akaenda zake. Mama Echati akamkaribisha mwingine. Nimekuja kumfundisha biashara, Shangazi, nami nikabaki kumpangia sabuni zake, jina la Zaina likitazama juu.

Mungu akupe nafuu ya mgongo. Nimekukumbuka mno.

Mwanao, Rehema