Kengele Yangu na Kisima cha Ruti

Mama Elia wangu,

Pokea salamu na vumbi la Gulwe, huku ilikofika reli ya Mdachi. Kila asubuhi nagonga kengele ya ibada, wanakuja watu wawili. Wengine wote wako mtoni kwa Ruti, mjane asiyejua hata herufi moja! Mto umekauka, maji hufukuliwa mchangani, na aliyefukua ndiye huchota kwanza. Ruti hufukua, kisha huwapisha wenzake. Wakimuuliza sababu, huwaeleza habari za Yesu.

Wivu ulinichoma, mimi mwalimu wa cheti. Leo nikaenda kumsikiliza, nipate la kumkosoa. Akanipisha: “Chota, mwalimu, una kiu.”

Maji matamu, mke wangu, na wivu bado ninao. Niombeeni wewe na Elia. Kesho naacha kengele, naenda mtoni na jembe.

Mumeo, Danieli